Mtaro wa Uhakika

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa ina majirani wengi wanaofanana nayo na sipendi jirani yeyote ajione ametengwa. Katika nchi hiyo serikali ilikaa, ikatafakari, ikagundua kwamba maskini wa vijijini wana tatizo moja kubwa: hawana kazi. Habari hizi ziliwashangaza kidogo maskini wenyewe, ambao zilipotangazwa redioni walikuwa shambani wanapalilia. Lakini serikali huona mbali na anayepalilia huona karibu, kwa hiyo hawakubisha.

Ikatungwa sheria. Ilisema kwamba kila mnyonge wa kijijini ana haki ya kupewa kazi ya umma yenye ujira, na kwamba haki hiyo haiwezi kuondolewa na mtu yeyote, akiwemo mnyonge mwenyewe. Kifungu hiki cha mwisho kilipigiwa makofi bungeni mpaka Spika akawakumbusha waheshimiwa kwamba chakula cha mchana kinapoa. Mbunge mmoja alitokwa na machozi. Alisema ametembea nchi nyingi na hajawahi kuona haki iliyofungwa barabara namna ile.

Haki hiyo ilifika Kitalala kwa gari jeupe.

Kitalala ni kijiji kilichokaa juu ya kilima kama kofia. Nyumba ziko juu, mashamba yako chini bondeni, na watu hushuka asubuhi na kupanda jioni. Aliyeileta haki alikuwa Bwana Erasto Mbawala, Mratibu wa Kazi za Uhakika wa wilaya, kijana mpole mwenye shahada, ambaye sijasikia kwamba aliwahi kumfokea mtu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akatafuta mtu mbaya katika hadithi hii akamwonea yeye.

Aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, akauliza wananchi wenyewe wanataka kazi gani, kwa kuwa mwongozo ulisema waulizwe.

"Tuchimbe kisima," alisema Bi Kabula, mjane mmoja ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka kijiji cha pili.

"Kisima ni cha Wizara ya Maji, mama yangu."

"Basi tutengeneze barabara ya kwenda sokoni."

"Barabara ina wakala wake. Tukiigusa watatushitaki."

"Choo cha shule kimetitia."

"Choo cha shule, Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya bado wanazungumza ni cha nani. Tuwaachie."

"Sasa sisi, mwanangu, tumeruhusiwa kufanya nini?"

Bwana Erasto alitabasamu, maana hilo ndilo alilokuwa amelifanyia utafiti. "Mtaro," alisema. "Nimeangalia serikalini kote. Mtaro hauna mwenyewe."

"Mtaro wa kupeleka maji wapi?"

"Si wa maji, mama. Maji ni ya Wizara ya Maji. Huu ni mtaro wa kuchimbwa."

Watu walilipima jambo hilo. Halafu wakaandikishwa.

*

Mwongozo ulitaka kazi iwe na vipimo, isitumie mashine, na isiishe kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Hapo Bwana Erasto alionyesha akili. Mtaro ulionyooka, hata ukiwa mrefu, una mwisho. Lakini alikuwa amesoma habari za kontua, yaani mstari unaofuata mwinuko mmoja ubavuni mwa kilima bila kupanda wala kushuka. Alianzia nyuma ya shule na kifaa chake cha mbao, akapigilia vigingi akizunguka, siku baada ya siku, akiwa amevaa kofia pana. Alipopigilia kigingi cha mwisho aliona kiko karibu na kile cha kwanza, akafurahi sana, kwa sababu hesabu inaporudi ilikoanzia ni dalili kwamba haikukosewa.

Mnyapara aliteuliwa Mzee Shigela, mtu wa maneno machache. Bwana Erasto alimwelekeza vizuri. "Udongo mnautupa juu, upande wa kilimani. Wataalamu wanaita fanya juu. Tumeelewana, mzee?"

"Tumeelewana, Mratibu."

Wakautupa chini.

Haukuwa ukaidi. Watu wa Kitalala wana desturi yao: udongo wa shimo haulazwi upande wa nyumbani. Uchimbe kisima, uchimbe choo, uchimbe shimo la kuoza mbolea, udongo wake unautupa upande wa nje, uende zake. Kuna shimo moja tu ambalo udongo wake hulazwa upande wa nyumbani, na hilo huchimbwa mtu akifa. Basi waliingia mtaroni, wakakipa mgongo kilima chao, na koleo baada ya koleo wakatupa udongo bondeni. Jioni walitoka kwa upande wa nyumbani, ambako walikata ngazi ndogo ndogo za udongo, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wanakwenda.

Bwana Erasto aliporudi kukagua alisimama kwa muda.

"Mzee Shigela, tulisema udongo uende juu."

"Tulisema, Mratibu."

"Mbona uko chini?"

"Juu kuna nyumba za watu."

Bwana Erasto alisubiri sentensi nyingine, haikuja. Baadaye Bi Kabula alimweleza. Akafungua mwongozo akakuta sura nzima juu ya kuheshimu mila za walengwa, akatulia. Sikuona kosa lake katika hili, na sijaliona mpaka leo. Ila jambo moja lilikuwa dogo na hakuna aliyelizungumza: upande wa nyumbani mtaro ulikuwa na kimo cha mtu, na upande wa bondeni ulikuwa na kimo cha mtu na juu yake kimo kingine cha udongo mbichi, ambao ukiukanyaga unamomonyoka na wewe.

*

Wakati huo chini bondeni ufuta wa Nyamizi ulikuwa unageuka rangi.

Nyamizi alikuwa mke wa Luhende, mwanamke wa umri wa kati, mrefu, ambaye akicheka hufunika mdomo kwa mkono uliokunjwa. Yeye na mumewe walikuwa wamelima ufuta kuanzia jiwe la mpaka mpaka kwenye korongo, eneo ambalo hawakuwahi kulilima kabla, na mvua ilikuja kama iliyotumwa. Walikuwa na shauri moja. Ufuta huo ungenunua jozi ya maksai na plau. Mwenye maksai hachimbi kwa mkono, na asiyechimba kwa mkono, kwa mujibu wa sheria ya nchi ile, si mnyonge. Nyamizi alitaka kutoka. Hakuwa na jina zuri zaidi la jambo hilo.

Ufuta hausubiri. Majani ya chini yakishakuwa ya njano, maganda ya chini huanza kufunguka midomo, na kutoka hapo ni siku chache tu. Ukiwahi, unakata, unafunga mafungu, unayasimamisha yakauke, kisha unayageuza juu ya turubai na mbegu inamwagika kama mchanga. Ukichelewa, upepo unakufanyia kazi hiyo, bila turubai.

Na kazi ya uhakika ilikuwa ya kutwa. Ilikuwa imeongezwa kutoka nusu siku, kwa sababu Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja kuuzindua mtaro. Mtu kukosa siku moja halikuwa jambo lake peke yake. Kaya ziligawanywa kumi kumi, na mmoja wa kumi asipoonekana, kaya zote kumi zilihesabiwa hazikufanya kazi. Mwongozo uliita hii mshikamano.

"Nenda tu ukakate ufuta wako," Bi Kabula alimwambia Nyamizi wakiwa mtaroni. "Mimi na wajukuu zangu tutakula mshikamano."

"Sijasema naenda, Bi Kabula."

"Umeuangalia huko chini tangu asubuhi. Shingo yako itabaki hivyo hivyo."

"Macho nayo ni ya mradi?"

"Uliza. Labda yameandikishwa."

Wakacheka wote, na Nyamizi akafunika mdomo. Jioni alishuka yeye na Luhende, wakakata kidogo mpaka giza likawakuta. Walishuka kwa njia pekee iliyobaki. Kwa maana mtaro ulikuwa umezunguka kilima na kukaribia kukutana, na kati ya mwanzo na mwisho wake palibaki ulimi wa ardhi ambayo haijachimbwa, upana wa mkokoteni. Kitalala nzima ilipita hapo, na mbuzi wao.

Nyamizi alimfuata Bwana Erasto, aliyekuwa amekaa garini anakunywa chai ya chupa.

"Shikamoo, Mratibu." Alikuwa amemzidi umri kwa mbali, lakini gari lina umri wake.

"Marahaba... hapana, mama, shikamoo wewe. Karibu."

"Nilikuwa naomba kupumzika kazi. Ufuta umefika."

Bwana Erasto aliweka kikombe chini. Uso wake ulionyesha huzuni ya kweli. "Mama, hii si kazi kwamba nikupumzishe. Hii ni haki. Mimi siwezi kukunyang'anya haki yako."

"Sijanyang'anywa. Naiacha mwenyewe."

"Haiachiki. Wangekuwa wameiweka ya kuachika, kuna watu wabaya wangewalazimisha kuiacha. Mmelindwa."

Nyamizi alifikiri. "Basi ule ulimi pale njiani. Msiuchimbe kwanza. Nikishavuna, nitauchimba mwenyewe."

"Mheshimiwa anakuja kuzindua mtaro uliokamilika, mama. Akiukuta una pengo, atauliza pengo la nini."

"Mwambie ni njia."

"Njia zina wakala wake," alisema Bwana Erasto, kwa upole sana.

"Tukilaza gogo juu?"

"Gogo likilazwa juu ya shimo linakuwa daraja." Alitikisa kichwa. "Na msije mkakata ngazi upande wa nje. Pale ndipo panapopimwa kina. Kaya kumi zitapata shida bure kwa ajili ya ngazi."

Kisha akamkaribisha chai. Nyamizi akanywa, kwa kuwa kukataa chai ya mtu si adabu.

*

Ulimi ulichimbwa siku moja kabla ya Waziri kufika. Walioelezwa habari hizi mara nyingi huuliza kwa nini watu wa Kitalala waliuchimba, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyejikuta upande wa pili. Jibu ni rahisi. Walikuwa wanachimba kama walivyozoea. Walitupa udongo nje, jua likapungua, wakatoka kwa upande wa nyumbani. Walipofika juu Luhende aligeuka, akatazama, akasema, "Tumekwisha toka?" Mzee Shigela naye akageuka. Alitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

"Tumeingia," alisema.

Basi usiku ule kila mtu alilala na haki yake.

*

Mheshimiwa Waziri wa Kazi za Uhakika alikuja na magari mengi, yakasimama bondeni, yakilalia sehemu ya mihogo ya Mzee Shigela. Jukwaa la chuma la wilaya lilisimamishwa juu ya tuta la udongo, likiwa na ngazi yake na zulia lake. Wananchi walijipanga ng'ambo ya mtaro, upande wa kilima. Wapiga picha walisema hawajawahi kupata umati uliokaa sawa namna ile.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, na kipaza sauti kikarudisha kutoka kilimani: wananchi. "Wapo wabezaji wanaouliza, huyo maskini mnayesema mnamhudumia, yuko wapi? Leo nawajibu. Yuko pale." Akanyoosha mkono. "Tunamwona. Tunajua alipo. Hata tukija kesho tutamkuta. Zamani mpango ukija, mnyonge huyu yumo, yule kaachwa nje. Nasema kwa unyenyekevu kwamba hapa Kitalala hakuna mnyonge hata mmoja aliyeachwa nje."

Makofi yalipigwa upande wa bondeni. Upande wa kilima yalichelewa kidogo, nadhani kwa ajili ya umbali.

"Ndugu zangu, mtaro huu ni kielelezo. Una kina. Una duara. Nimeambiwa mmeuchimba kwa kuzingatia mila. Je, kuna mwenye swali, ombi, au pongezi?"

Nyamizi alinyoosha mkono. Luhende alimshika upindo wa kanga, halafu akauachia.

"Mheshimiwa, mimi ni Nyamizi. Ufuta wangu uko hapo nyuma yenu, unafunguka. Naomba nivuke nikavune."

Waziri aligeuka kumtazama Bwana Erasto. "Ana shamba la ufuta?"

"Analo, Mheshimiwa."

"Kubwa?"

"Mpaka korongoni, Mheshimiwa."

Waziri alirudi kwenye kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. "Ndugu wananchi, mwenye shamba la ufuta mpaka korongoni si mnyonge. Huyu mama ameinuka. Ameinuka mbele ya macho yetu. Mama huyu amehitimu umaskini."

Ngazi ya jukwaa ilifunguliwa, ikateremshwa mtaroni, na askari wawili wakamsaidia Nyamizi kupanda. Alivikwa shada la maua ya karatasi. Alisimama pale juu kati ya wakubwa, anatazama bondeni juu ya vichwa vyao, kisha akageuka kumtafuta Luhende ng'ambo, wakati huo huo wapiga picha wakimwomba atazame mbele.

Ndipo kukatokea jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Mheshimiwa," aliita Mzee Shigela, ambaye siku ile alitumia maneno ya mwaka mzima, "mimi nina mihogo. Ni hiyo mliyoiegeshea magari. Na nina mbuzi ana mimba."

"Mimi nina kuku wasiohesabika, baba," alisema Bi Kabula. "Mimi ni tajiri kabisa. Waulize hawa, nawaringia kila siku."

"Ni kweli, anaringa," walisema wa nyuma. "Na sisi tunajiweza. Lete ngazi."

Waziri alinong'onezana na Bwana Erasto, na Bwana Erasto akafungua mwongozo. Iliwachukua muda. Hatimaye Waziri alieleza, kwa masikitiko, kwamba mpango ukifanikiwa kupita kiasi unakosa wa kumhudumia, na wafadhili wakisikia hakuna maskini watapeleka fedha kwingine. Kwa hiyo atahitimu mmoja kwa msimu. Aliwapongeza wote kwa moyo wao wa kutaka maendeleo. Ngazi ikapandishwa, ikafungwa kwenye jukwaa, jukwaa likapakiwa kwenye lori, kwa sababu lilikuwa la wilaya na lilikuwa linahitajika kwingine siku ya pili.

*

Nyamizi alikata ufuta wake peke yake. Alilala kwenye kibanda cha shambani, kile cha kuwingia ndege, na mahitaji mengine aliyapata kwa shemeji yake wa kijiji cha pili. Alikata haraka, lakini kwa uangalifu, akiushika kila mche kama mtu anayebeba maji kwenye sahani. Mashina mengi yalikuwa yamekwisha kufungua midomo. Chini yake ardhi ilikuwa nyeupe, na njiwa walikuwa wengi, hawana haraka. Alijaribu kuikusanya mbegu kwa viganja. Ilikuja na vumbi, na vumbi lilikuwa jingi kuliko mbegu.

Bwana Erasto alipita kumsalimia. Alikuwa na wasiwasi juu yake, na nasadiki wasiwasi huo ulikuwa wa kweli.

"Mama, ukichoka mlango uko wazi. Kuingia hakuna masharti, ni kuteleza tu kwenye tuta, unafika chini, unapanda ngazi za upande wa nyumbani. Tutakuandikisha upya."

"Na kutoka?"

"Msimu ujao atatoka mwingine," alisema. "Kwa haki, mama, zamu yako umeshaipata."

Nyamizi alimshukuru. Alitazama tuta, na kweli kuteleza kwake kulikuwa rahisi kuliko kitu chochote alichokifanya mwaka ule. Moshi wa nyumbani kwake ulionekana kutoka pale. Aliujua kwa sababu Luhende huwasha moto kwa kuni mbichi, hajajifunza.

Mvua zilipokaribia, Luhende alikuja mtaroni asubuhi mapema kabla ya wengine. Hawakuweza kuonana, kwa ajili ya tuta, lakini maneno yalivuka.

"Nyamizi."

"Nipo."

"Umelalaje?"

"Nimelala. Watoto?"

"Wanajiandaa kwenda shule. Ufuta umebaki kiasi gani?"

Nyamizi alikuwa na fuko dogo mkononi, limefungwa kwa kamba ya katani. Alilipima tena kwa mkono, ingawa alikuwa amelipima jana yake.

"Wa mbegu," alisema.

Luhende alisikika akigongesha koleo kwenye jiwe, taratibu, kutoa udongo uliokauka.

"Kwa hiyo unaingia lini?"

"Nikishapanda."

"Ukishapanda utataka kupalilia."

"Ndiyo."

"Na ukipalilia utataka kuvuna."

"Ndiyo, Luhende."

Watu walianza kufika mtaroni. Sauti ya Mzee Shigela ilisikika ikiwapanga, kila kaya kumi mahali pake, kwa kuwa mradi ulikuwa umeingia awamu ya pili, ambayo ni kuongeza kina.

"Basi usipande karibu na hapa," alisema Luhende. "Sogea, sogea kabisa. Udongo unakuja huko."

Akasogea. Koleo la kwanza la udongo likaanguka pale alipokuwa amesimama.